Nyuzi za Kwai Zilivyogoma Kupigwa Picha

Nimestaafu, ila mikono yangu haijaambiwa. Inaamka kabla yangu, inakwenda jikoni, inanyanyua chupa ya asali na kuiinamisha taratibu kwenye mwanga wa dirisha, kutazama kama kuna kiputo cha hewa chini ya kizibo. Asali haijali hewa. Mikono inajali. Nikikaa barazani nainuka, nikiinuka nasahau nilichoinukia, nikilala mchana naota kabati la joto limezimika. Kwa hiyo vijana wa maabara mliponiomba niandike kazi zetu zilivyokuwa, nilikubali upesi kuliko heshima inavyoruhusu. Angalau kalamu inaishika mikono.

Vyeo sitaviandika; vilikuja vimechelewa na havikukaa. Mshahara nao tuuache, ulikuwa na haya, haukupenda kuonekana na watu.

Mimi ni mtoto wa kambi ya chai, kule Bungu. Wazazi walitoka Njombe kufuata kazi ya kuchuma, tukakulia kwenye safu ya nyumba ambako mlango huu ni Mkatoliki, ule Mwislamu, na wa tatu bado anafikiria. Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwa sababu hapakuwa na nyingine ya kutukalisha pamoja. Kishambaa nilijifunzia sokoni, kwa kuomba nipunguziwe, na hadi leo najua kubishana kwa Kishambaa kuliko kuomba radhi. Mama yangu, karani akimpimia kapu la majani, alikuwa hasogei. Anasimama pale pale anasema, "Pima tena." Hakuwa anamtuhumu mtu. Alikuwa anamsaidia. Hilo "pima tena" ndilo urithi wangu, shamba hatukuwa nalo.

Siku ya kwanza kazini, hapa Lushoto, nilikabidhiwa kwa Mzee Hoza, fundi wa maabara aliyekuwa na koti jeupe lililokwisha sahau weupe wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua kutoa maji kwenye chupa bila kuifungua?"

Nikasema sijui. Akasema vizuri, wanaosema wanajua humsumbua sana. Akanipa chupa ya kioo yenye kizibo kinene cha mpira, bomba la sindano, na sindano nyembamba kuliko zote zilizokuwamo kwenye droo. Nikashinda siku nzima, na nyingine, na nyingine, nachomoa maji kupitia kwenye mpira na kuyarudisha, mpaka nilipoweza kufanya hivyo bila kuingiza hata kiputo kimoja. Nilidhani ananidharau. Kumbe alikuwa ananifundisha kazi yote.

Maana viumbe tuliokuwa tunawafuga hewa ni sumu kwao. Tulikuwa tunafuatilia mitambo ya biogesi ya wafugaji wa Kwai, ambako baridi na majani vimewapa watu ng'ombe wa maziwa tangu enzi za Mjerumani. Samadi inaingia shimoni, shimo linafunikwa, na humo gizani, bila oksijeni, vijiumbe visivyoonekana kwa macho vinatengeneza methani, ile gesi inayowaka jikoni kwa rangi ya samawati. Watu huviita bakteria. Mzee Hoza alikuwa akisikia hivyo anashtuka kama umemwita mke wake kwa jina la jirani. "Ni arkea," anasema. "Udogo ni ule ule, umbo linafanana, ukoo mwingine kabisa."

Wakati ule sikuona kwa nini mtu agombee ukoo wa kitu asichokiona. Niliona baadaye.

"Hewa ni mwizi," aliniambia, "na mwizi hupita panapopitika. Tumia sindano nyembamba siku zote. Kizibo kitajifunga chenyewe ukiichomoa." Ndani ya chakula cha viumbe wale tulikuwa tunatia rangi ya ushahidi: hewa ikiingia, maji yanageuka pinki. Pinki hafifu asubuhi ikiondoka jioni, umesamehewa. Pinki ikilala hadi kesho, zika. Sijui kwenu pinki ni rangi ya nini. Kwangu mimi ni rangi ya msiba.

Juu ya amri ya Mzee Hoza niliongeza yangu moja: kila ukoo wa kiumbe ukae katika chupa mbili, moja kabati la joto la kushoto, nyingine la kulia. Umeme ukikatika upande mmoja, panya akitafuna waya upande mwingine, unabaki na pacha. Ndiyo asili ya kuitwa Mama Pacha. Wageni huniuliza pacha wangu wanasoma wapi. Nawajibu wapo kabatini, wanasinzia.

Mzee Hoza aliondoka kwa amani yake, akaniachia bomba la sindano na ukali. Nilivitumia vyote viwili kwa miaka mingi, na sitawachosha na miaka hiyo. Nakwenda kwenye kesi iliyonikosesha utulivu mpaka leo, na haiko mbali: ilitokea nikiwa naelekea kustaafu.

Alikuja Nuru, binti wa Shume, baba yake mkulima wa kabeji pembezoni mwa msitu wa serikali. Alikuwa akisomea shahada ya uzamivu na alikuwa na haraka ya mtu anayejua kwamba nyumbani kuna jembe linamsubiri akishindwa. Kutoka kwenye shimo la biogesi la Mama Elia, Mlutheri mmoja wa Kwai mwenye ng'ombe wachache na maneno mengi, Nuru alipata arkea mmoja wa ajabu. Alikuwa fimbo iliyopinda kidogo. Ukimulika kwa mwanga wa zambarau anang'aa mwenyewe kijani cha bahari, kama wafanyavyo wengi wa watengeneza methani. Na chini ya darubini yetu ya kawaida, tone likiwa bado bichi, baadhi yao walikuwa wanaogelea.

"Mama, unaelewa maana yake?" aliniuliza.

"Maana yake hajatulia. Kama wewe."

"Maana yake ana nyuzi."

Hapa nisimame niwaeleze, wale ambao hamjafika meza ile. Arkea wengi wana nyuzi zimechomoza juu ya ngozi, nyembamba mno hata darubini ya mwanga haizioni. Kuna za kusafiria: zinazunguka kama parafujo na kumsukuma mwenyewe mbele. Bakteria nao wana za kwao, ukitazama juu juu utasema ni kitu kimoja, na hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee Hoza na ukoo wake. Ule wa bakteria una tundu katikati, na unarefuka kwa ncha. Matofali yanapita ndani ya bomba kwenda kujengwa mwisho. Wa arkea ni kamba isiyo na tundu, unarefuka kutokea shinani kama unywele. Hata injini ni mbali mbali: ya bakteria huendeshwa na chembe za chaji zinazopenya kwenye utando, ya arkea inachoma ATP, ile nishati ambayo seli hulipia karibu kila kitu. Halafu kuna nyuzi nyingine ambazo hazizunguki kabisa. Kazi yake ni kunata: kwenye jiwe, kwenye kipande cha jani, kwa mwenzake. Na hizi mbili, ya kusafiri na ya kunata, kwa arkea ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja kawa msafiri, mwingine kabaki nyumbani kushikilia ukuta.

Nuru alitaka kuonyesha kwamba kiumbe wa Kwai ana zote mbili, na kwamba kunata ndiko kunakomfanya asisukumwe nje samadi mpya inapoingia na ya zamani inapotoka. Kama ni kweli, mfugaji angeweza kusaidiwa: kuta za shimo zijengweje, nini kitupwe humo ili viumbe wapate pa kushika. Lakini kwanza nyuzi zionekane, na cha kuzionea ni darubini ya elektroni, iliyoko mjini, mbali, kwa foleni.

Tukapeleka. Picha zikarudi: vipara. Fimbo safi, zimenyolewa, hakuna hata unywele.

Msimamizi wake akapiga simu kutoka huko mjini. Nuru aliweka sauti ya nje ili nisikie, nadhani alitaka shahidi.

"Nuru, hiki kiumbe chako kinaogelea kwa nini, kwa maombi?"

"Nimekiona kwa macho, Profesa."

"Na mimi nimeona picha. Lete tena. Zikiwa vipara tena, tunabadilisha mada na ile meza ya chupa tunaifunga, ina watu wengine wanaoihitaji."

Kubadilisha mada, kwa mwanafunzi ambaye ufadhili wake unakaribia mwisho, ni neno la adabu. Maana yake rudi Shume.

Mimi nilikuwa na jibu tayari, kama kawaida yangu. Barabara! Mnaijua barabara ya kushuka Mombo, kona juu ya kona, mwamba upande huu na korongo upande ule. Nikasema viumbe wanatikiswa mpaka nyuzi zinakatika. Nikambana dereva wa gari la taasisi.

"Utashuka kama umebeba bibi harusi."

"Mama Pacha, nikishuka hivyo nitafika harusi imeisha."

"Basi kama umebeba mayai ya mama mkwe."

"Hayo nayaweza. Namwogopa."

Tukaifunga chupa ndani ya sifongo, sifongo ndani ya kapu, kapu mapajani mwa Nuru. Nikajisifu siku kadhaa. Picha zikarudi. Vipara. Ila msimamizi alikuwa safarini nje na hakuwa amezifungua; foleni ya darubini ilikuwa na nafasi moja imebaki kabla hajarudi, gari lingepanda Alhamisi na kugeuza siku hiyo hiyo saa nane. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho ya Nuru, na mimi nilikuwa nimemaliza majibu.

Wiki ile sikukaa kwenye kiti. Nilipanga droo, nikazipangua. Nuru naye alikuwa hivyo hivyo, tukigongana kwenye mlango kama kuku wawili wanaotafuta pa kutagia. Na Jumanne nikamkuta kwenye darubini, chupa ya kabati la kulia iko mezani mbele yake, wazi. Kizibo kiko pembeni. Maji pinki kama kitambaa cha altare.

"Nuru!"

"Mama, njoo uone kwanza, halafu unigombeze."

"Nikugombeze sasa, nione baadaye. Umefungua pacha! Nani amekuambia ufungue?"

"Ningekuomba ungekataa."

"Ningekataa kabisa!"

"Ndiyo maana. Njoo uone, mama yangu, hawana muda mrefu."

Nikainama. Alikuwa ameweka matone mawili kwenye vioo viwili, kingo amezipaka mafuta ya mgando ili hewa isiingie haraka. Tone la kwanza alilitoa kwa sindano yetu nyembamba, kabla ya kufungua. Niliona nilichozoea kukiona: wachache wanaogelea, wengi wamelala. Siku zote tulisema hewa imewachosha. Tone la pili alilimimina kwa kuinamisha chupa, taratibu, likateleza lenyewe kwenye kioo. Na hili ndilo lililokuwa limekutana na hewa zaidi. Lakini wote, karibu wote, walikuwa mbio. Wanapishana, wanageuka, wanarudi. Soko la Lushoto siku ya gulio.

"Ni sindano," akasema Nuru, sauti imepungua. "Tundu lake ni dogo, tunasukuma kwa nguvu. Maji ya pembeni yanakwaruza ukuta na ya katikati yanakimbia. Nyuzi zinavutwa huku na huku, zinakatika. Tunawanyoa sisi wenyewe, mama, kabla hata gari halijawashwa."

Nilisimama pale. Sindano nyembamba siku zote. Ile amri ndiyo iliyowaweka hai viumbe wetu kwa miaka yote. Ilikuwa kweli, na bado ni kweli. Kwa kuwalisha na kuwahamisha haina kosa, nyuzi huota tena. Kwa kuwapiga picha ni wembe. Mzee Hoza hakuwahi kumpiga picha hata mmoja. Hakuna aliyemuuliza swali hilo.

Na sasa hesabu. Nilihesabu mara mbili na mara zote mbili jibu lilikuwa moja: chupa moja. Ile ya wazi ilikuwa inakufa mbele yetu, na dawa ya kugandishia viumbe walivyo kabla ya picha ilikuwa imekwisha. Mpya ilikuwa inakuja na gari la Alhamisi, pamoja na vile vyavu vya shaba, vidogo kuliko kifungo cha shati, ambavyo kiumbe hulazwa juu yake ili darubini ya elektroni imwone. Mtungi wa gesi ya kufukuzia hewa nao ulikuwa mtupu, unakuja na gari hilo hilo. Bila gesi huwezi kupika chakula kipya wala kutengeneza pacha mwingine. Na gari likifika, kupika chakula ni kazi ya siku nzima, wakati dereva anageuza saa nane. Kila kitu kilikuwa kimening'inia kwenye Alhamisi moja.

"Kizibo cha ile iliyobaki ni cha zamani," nilimwambia. "Ukikichoma kwa sindano pana, tundu halitajifunga."

"Linaweza kujifunga."

"Linaweza. Na mimi naweza kuwa askofu."

"Mama, bila picha hakuna mada."

"Bila kiumbe hakuna picha ya pili. Picha moja si ushahidi, hata ya kitambulisho wanataka mbili."

Tukapatana kama watu wa sokoni, kila mtu akiondoka mara mbili na kurudi. Mimi nilitaka asubiri nafasi nyingine ya foleni. Yeye akauliza, ipi? Sikuwa nayo. Nikataka atoe tone moja tu. Yeye akataka matatu. Tukaishia mawili, kwa sharti kwamba sindano nitaishika mimi. Hakubisha hapo.

Alhamisi ikafika, gari likafika limechelewa, kama ilivyo haki yake. Nilichagua sindano pana kuliko zote, ile tunayotumia kwa samadi nzito. Nikachoma kizibo. Niliusikia mpira ukilalamika. Sikuvuta, nililaza chupa nikaacha maji yaingie kwenye bomba yenyewe, polepole kama uji mzito. Nuru akapokea tone juu ya kivyavu, akaacha viumbe watue, akatia dawa pembeni bila kumwaga, akakausha kwa ncha ya karatasi. Hapo hapo mlimani, kabla ya kona yoyote. La pili vivyo hivyo. Saa nane dereva alipiga honi, na Nuru akashuka na kijisanduku kinachoenea kwenye kiganja.

Mimi nikabaki na chupa. Nilipaka mafuta ya mgando juu ya kizibo, nikafunga plasta juu yake. Maji yalikuwa yameanza wekundu kwa juu, utepe mwembamba chini ya mpira. Nikajiambia utaondoka jioni. Jioni ulikuwa umeshuka hadi katikati. Ijumaa asubuhi chupa nzima ilikuwa pinki, na Jumamosi ilikuwa bado pinki. Nilipika chakula kipya, nikahamishia tone, nikasubiri. Maji yalibaki meupe kama maji. Hakuna aliyeota.

Nuru alinipigia akiwa mbele ya darubini. Alikuwa analia au anacheka, mtandao wa milimani haukunijulisha ni kipi.

"Zipo! Mama, zipo! Kwenye ncha zote mbili kuna mafungu marefu, na ubavuni kuna nyingine nyembamba, fupi, nyingi! Na moja imemshika mwenzake, imemzunguka kabisa!"

"Hongera, mwanangu."

"Msimamizi nimemtumia huko aliko, ameona. Amesema sawa, sasa nipeleke kiumbe hai, tupime kunata." Kisha akauliza, "Chupa vipi?"

Kuna watu wangetafuta namna ya kuzunguka. Nilimwambia imekufa.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa na picha ya mtu asiyekuwapo. Dawa pekee ni kurudi kwa Mama Elia na kuanza upya, nami nilikuwa nimebakiza wiki chache kazini. Tukapanda Kwai kesho yake aliporudi. Baridi ilikuwa ile ya kuingia kwenye mifupa na kuomba kiti.

"Onga mshi, Mama Elia," nikaamkia kwa Kishambaa changu cha sokoni.

Nuru akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Onga mshi. Mmefuata samadi? Mmechelewa. Juzi nimelikomba shimo lote, limejaa mchanga, moto ulikuwa unawaka kama mshumaa wa maskini. Yote nimeitawanya kwenye viazi."

Nuru alikaa chini kwenye jiwe, palepale. Samadi iliyotawanywa shambani, juani, ndani ya hewa siku mbili; viumbe wale huko walikuwa wameshakwenda.

Mimi nilikuwa nazunguka shimo, maana kukaa siwezi. Nikauliza, "Na kuta umeziosha?"

"Niziosheje, nina tochi na mikono mingapi? Kuna utelezi mweusi umeng'ang'ania huko. Mwanangu Elia alipiga ndoo za maji, ukakataa kutoka."

Nuru akanyanyua kichwa.

"Umesemaje, mama?"

"Utelezi. Umekataa kutoka."

Binti akasimama kama ameng'atwa na siafu. "Mama Pacha, wanaonata!" akanishika mkono, akaniumiza. "Walioogelea wametoka na samadi. Walioshika ukuta wamebaki! Chini ya utelezi hewa haijafika!"

"Mnanunua utelezi siku hizi?" akauliza Mama Elia. "Serikali imeanza?"

"Hatununui," nikasema haraka, kabla Nuru hajaharibu biashara. "Tunauomba."

"Nina shimo tupu la kujaza. Mtabeba ndoo?"

"Ndoo chache."

"Mpaka shimo lijae."

"Mpaka nusu, na chai."

"Nusu, na chai mtaikuta. Lakini ndoo mimi ndiye nitahesabu."

"Hesabu mara mbili," nikamwambia, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo nilicheka.

Sikilizeni hapa, vijana. Hakuna aliyeingia shimoni, wala msije mkaingia: gesi ya humo inaua mtu na anayemfuata kumwokoa. Tulifunga mwiko wa ugali kwenye mti mrefu, tukaupitisha mdomoni mwa shimo, Nuru akamulika, mimi nikakwangua. Taratibu. Utelezi ulitoka kwa mabamba, kama ukoko chini ya sufuria, na kila bamba tulilitia upesi kwenye chupa iliyojazwa gesi. Halafu tukabeba ndoo za samadi mpaka mgongo wangu ukaanza kuniita kwa jina langu la ubatizo.

Chupa zilikaa kabati la joto. Wiki zikapita, maji yakaanza kupoteza uangavu, ukungu kidogo, ukungu zaidi. Siku moja Nuru akainamisha chupa, tone likateleza kwenye kioo, akatazama muda mrefu, kisha akanisogezea kiti. Fimbo zilizopinda kidogo. Mbio. Lakini viumbe kama hao ni wengi duniani, na kufanana si undugu. Mzee Hoza alinifundisha. Tukapeleka jeni zikasomwe mjini, zilinganishwe na za yule wa kwanza. Majibu hayakuwahi kunikuta kazini. Niliagwa kwa soda na keki, nikapewa saa ya ukutani, kama kwamba shida yangu ni kutojua saa.

Saa ile inanipigia kelele hapa ukutani sasa. Wiki iliyopita, nikiwa nimeshika chupa ya asali, simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema."

"Hata salamu ya nyumbani huulizi?"

"Nuru, sema!"

"Ni yule yule, mama. Wa Kwai. Jeni zote zimelingana. Na tumempima kunata: tukiwanyoa nyuzi hawashiki kitu, zikiota tena wanashika. Msimamizi amesema niandike."

Nilikaa. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza kukaa nikatulia tangu niagwe. Nikatazama asali, haikuwa na kiputo.

"Mmemweka kwenye chupa ngapi?" nikamuuliza.

"Mbili. Kushoto na kulia."

"Mbili tu?"

Akacheka. "Nne. Nilijua utauliza."

"Vizibo?"

"Vipya."

"Basi nenda kazihesabu tena," nikamwambia, "mimi nakusubiri hapa hapa kwenye simu."